Penseli mbili, wembe na mbuzi ya nazi

Mtu mzima anayerudi kwenye kuchora baada ya miaka ishirini au thelathini kwa kawaida hulaumu mkono. Mkono wangu mzito, husema. Mkono hauna kosa. Mkono unaotia saini ileile kila siku, unaomenya viazi huku mwenyewe anazungumza na jirani, unaotunga uzi kwenye sindano, tayari una ustadi wa kutosha kuchora birika. Kinachosumbua ni jicho lililokwisha kujua majina ya vitu. Likiona kiti halitazami tena. Linasema "kiti", na mkono unachora kile kiti cha darasa la tatu: miguu minne yenye urefu sawa, kikalio bapa, egemeo wima. Jicho la mtu linakuwa samaki mwenye doa katikati. Mti unakuwa wingu juu ya kijiti. Hizo ni alama, kama herufi. Wengi wetu tuliacha kuchora pale tulipogundua kwamba hazifanani na vitu vyenyewe, na ukishika penseli leo zinaibuka zilezile.

Kwa hiyo karibu mazoezi yote hapa chini ni ya kutazama. Kuchora kunafuata.

Vifaa kwanza, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Penseli mbili zinatosha: HB na 4B. Kama dukani hakuna 4B, chukua 2B. Wazee waliiita kalamu ya risasi, ingawa ndani hamna risasi yoyote; ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa kwenye tanuru. Njia hiyo aliipatia hataza Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, wakati vita vilipoifungia Ufaransa grafiti safi iliyokuwa ikitoka Uingereza. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake hafifu, nayo huandikwa H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi, ndiyo B. Seti ya penseli 12 ndani ya bati hupendeza machoni, lakini nane kati ya hizo hutazigusa. Kabla ya kulipa, sugua penseli kwenye kipande cha karatasi, eneo la ukubwa wa kidole gumba. Ukisikia inakwaruza kama yenye mchanga, iache, kwa sababu chembe hizo zitachana karatasi yako kila utakapokoleza.

Kichongeo kidogo cha plastiki hufaa HB lakini huvunja 4B, kwa kuwa huibana ncha na kuizungusha kwa wakati mmoja. Tumia wembe uliofungwa tepu upande mmoja, au kisu cha kukatia karatasi. Shika penseli bila kuisogeza, na usukume wembe taratibu kwa dole gumba la mkono ulioshika penseli. Chonga mbao kwa urefu wa sentimita 2, uache risasi wazi kama milimita 7, kisha uinoe ncha kwa kuizungusha juu ya kipande cha msasa laini. Ncha ndefu ya namna hiyo ina faida mbili: wima inatoa mstari mwembamba, ikilala inatia kivuli kipana. Penseli iliyoanguka sakafuni mara nyingi imevunjika ndani, ndiyo maana kila ukiichonga ncha inadondoka. Usilaumu wembe.

Kifutio kiwe cheupe na laini. Vile vigumu vya rangi ya waridi vinachubua karatasi na kuacha doa. Kabla ya mwaka 1770, Joseph Priestley alipoandika kuhusu utomvu wa mpira unaofuta penseli, watu walifutia kwa mkate, na mkate bado unafanya kazi. Chukua nyama ya ndani ya boflo, isiyo na siagi wala sukari, ifinyange iwe kidonge, kisha bonyeza juu ya mahali palipokolea kupita kiasi na uinue. Usisugue. Grafiti inapungua bila karatasi kuumia. Pangusa makombo yote ukimaliza, la sivyo sisimizi watalikagua daftari lako.

Daftari la kununua lenye karatasi za gramu 100 hadi 150 kwa mita ya mraba ni zuri, lakini kwa miezi miwili ya mwanzo linaleta woga: mtu anaogopa kuharibu kurasa za bei. Afadhali ulishone mwenyewe. Chukua karatasi 10 za A4 za fotokopi, zile za gramu 80, uzikunje katikati kwa pamoja. Unapata kurasa 40 za A5. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita 4 kutoka kila mwisho. Kwa uzi wa sentimita 60, anza ndani: toka nje kupitia tundu la katikati, rudi ndani kupitia la juu, teremka ndani hadi la chini bila kupita katikati, toka nje, kisha rudi ndani kupitia la katikati. Funga ncha mbili za uzi huku zimeukumbatia ule uzi mrefu wa ndani. Jalada ni bahasha ya kaki iliyokatwa. Bahasha hizo ziweke akiba, tutazihitaji tukifika kwenye nyuso.

Sasa kazi yenyewe. Kila kipindi kianze na dakika mbili za kuchora bila kutazama karatasi. Weka mkono wa kushoto mezani, elekeza jicho kwenye ukingo wa kidole kimoja, na ulitembeze polepole kama sisimizi anayefuata njia yake. Penseli iende kwa mwendo uleule wa jicho, bila kuinuliwa. Ukichungulia karatasi, zoezi limeharibika. Matokeo yatakuwa kama uzi uliochezewa na paka, na hayo ndiyo matokeo sahihi. Hapa hutafuti picha. Unalizoesha jicho kwenda pole na mkono kulifuata. Ikiwa mchoro wa zoezi hili umetoka mzuri, ulichungulia.

Baada ya hapo, leta mbuzi ya kukunia nazi. Asiye na mbuzi atumie kigoda cha kukunja au kiti cha plastiki chenye mikono, lakini mbuzi inashinda vyote kwa sababu hakuna aliyefundishwa alama yake shuleni. Jicho halina pa kukimbilia. Tena ina nafasi wazi: miguu inayopishana inaacha vipande vya hewa kati yake, na hewa haina jina, kwa hiyo jicho linakubali kuichora kama ilivyo.

Iweke mita 2 hivi mbele yako, ubavu ukikuelekea. Ikiwa karibu zaidi utalazimika kuinua na kuinamisha kichwa, na kila kichwa kinaposogea unachora mbuzi nyingine. Nyoosha mkono ulioshika penseli hadi kiwiko kikaze, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na ukomo wa juu wa mbuzi, halafu telezesha ukucha wa dole gumba hadi ukomo wa chini. Hicho ndicho kimo. Bila kulegeza kiwiko, ilaze penseli uone kimo hicho kinaingia mara ngapi kutoka ncha ya ulimi wa chuma hadi nyuma ya kikalio. Tuseme mara moja na nusu. Kinachohamia kwenye karatasi ni uwiano huo: ukiamua kimo kiwe sentimita 8, urefu utakuwa 12. Tia vialama vinne vya mipaka, juu, chini, kushoto na kulia, kabla ya mstari mwingine wowote. Wanaoruka hatua hii ndio wale ambao mbuzi zao hukosa ulimi kwa kuwa karatasi imekwisha.

Kisha chora hewa. Anza na nafasi kubwa kuliko zote, ile iliyo chini kati ya miguu. Ni pembetatu au ina pembe nne? Upande upi mrefu? Kona yake ya juu imesimama juu ya nini? Kwa swali hili la mwisho shika penseli wima mbele ya jicho, kama timazi ya fundi mwashi, uone mstari wake unapita wapi. Fuata nafasi ya pili, halafu ile iliyo chini ya ulimi hadi sakafuni. Hewa zote zikishakaa mahali pake, miguu inajitokeza yenyewe bila kuchorwa. Meno ya chuma yaje mwisho kabisa, na wala usiyahesabu. Mistari mifupi sita au saba iliyopinda kufuata duara la ulimi inatosha.

Mambo mawili huharibika hapa karibu kwa kila mtu. La kwanza ni kiwiko. Kikikunjwa kidogo kati ya kipimo na kipimo, penseli imekaribia jicho na inaonekana ndefu zaidi, basi hesabu nzima imevurugika. La pili ni miguu ya upande wa mbali. Akili inajua kwamba miguu yote imekanyaga sakafu moja, kwa hiyo inaishusha yote kwenye mstari mmoja, na mbuzi inaonekana imebandikwa ukutani. Ukitazama kitu kutoka juu kidogo, mguu wa mbali hugusa sakafu juu zaidi kwenye karatasi kuliko mguu wa karibu. Pima tofauti hiyo kwa penseli, usiikisie.

Nusu saa inatosha. Rudia mara tatu kwa siku tatu ukiwa umekaa palepale, kila mara kwenye ukurasa mpya wenye tarehe. Moja kati ya hizo ichore kwa kalamu ya biki, maana biki haifutiki na inatibu maradhi ya kufuta kila mstari. Mstari ukikosea, uache, chora ulio sahihi kando yake. Ule wa kwanza unakuonyesha ulipotoka. Biki ina tabia ya kukusanya tone la wino nchani na kulidondosha pabaya, kwa hiyo ifute kwenye karatasi chakavu kila baada ya mistari michache.

Ukishaizoea mbuzi, panga sufuria tatu za ukubwa tofauti, moja ndani ya nyingine au kando kwa kando. Mdomo wa sufuria ni duara, lakini ukiutazama kwa pembe unaonekana umebonyea. Ukiinua sufuria hadi usawa wa macho, mdomo unakuwa mstari mnyoofu. Kadiri unavyoishusha, duara linafunguka. Sheria inayotokana na hapo ndiyo inayosahauliwa zaidi: kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, kwa hiyo mkunjo wake ni wa duara lililofunguka zaidi. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanachora mdomo mpana, kisha kitako wanakipiga mstari kama wa rula, kwa kuwa wanajua sufuria imekaa juu ya meza bapa. Kosa la pili ni kuupa mdomo ncha kali kulia na kushoto, kama ngalawa. Duara lililobonyea halina kona popote. Zungusha mkono wote hewani mara mbili tatu kutoka begani, si kwenye kifundo, kisha teremsha penseli huku mkono bado unazunguka. Ukimaliza, geuza karatasi juu chini. Mdomo ulioinama upande mmoja utauona papo hapo, jambo ambalo dakika kumi za kutazama kawaida hazikuonyeshi.

Vivuli usiviguse kabla ya wiki mbili. Kivuli hakiokoi umbo lililokosewa. Kinalifanya kosa liwe jeusi. Wakati ukifika, chora visanduku vitano vya sentimita 2. Cha kwanza kiache cheupe, cha tano kijaze kwa 4B hadi kisikubali tena, halafu vitatu vya katikati uvigawe kwa hatua zinazolingana. Tumia mistari sambamba iliyo karibu, milimita moja kati yake, kisha safu ya pili juu yake kwa pembe nyingine. Usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanaigandisha grafiti kwenye karatasi, kifutio kinashindwa, na kila kitu kinakuwa na rangi moja ya majivu. Mkono nao uwekee karatasi chini ya kiganja, hasa kwa sisi tunaotoka jasho.

Chanzo cha mwanga kiwe kimoja. Dirisha pamoja na taa ya dari ni vivuli viwili vinavyogombana, na mchoraji mgeni huchora vyote. Zima taa. Nje, saa sita mchana huku kwetu karibu na ikweta jua liko utosini na kivuli kinajificha chini ya kitu chenyewe. Chora kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Finya macho mpaka vitu vififie. Vitakavyobaki ni madoa makubwa ya giza na ya mwanga, nayo ndiyo ya kuchorwa kwanza.

Uso ndio hamu ya wengi. Kipimo kimoja kinarekebisha nusu ya makosa: macho yako katikati ya kichwa, nusu ya njia kutoka utosini hadi kidevuni. Karibu kila anayeanza huyaweka juu zaidi, kwa kuwa paji la uso na nywele havina "kitu" cha kuchora na jicho huvipunja. Upana wa kichwa kwa mbele ni kama macho matano. Masikio hukaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua.

Ngozi nyeusi ina kosa lake maalumu, na mafunzo mengi ya mtandaoni hayalitaji kwa kuwa yametungwa kwa nyuso nyeupe. Mtu huijaza ngozi yote kwa weusi wa tano, ule wa kisanduku cha mwisho, kisha akifika kwenye matundu ya pua, mstari kati ya midomo, mboni na nywele, hana weusi uliobaki. Uso unakuwa kama kivuli ukutani. Ngozi ipe weusi wa tatu na wa nne, ule wa tano uuweke akiba kwa sehemu hizo chache tu. Halafu tafuta mng'aro, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi mng'aro unaeleza umbo kuliko kivuli: paji, juu ya pua, mfupa wa shavu, mdomo wa chini. Weupe wa jicho nao si mweupe. Kope zinautilia kivuli, kwa hiyo upake weusi wa pili, la sivyo mtu ataonekana ameona jini.

Hapa ndipo bahasha ya kaki inapofaa. Rangi yake inabeba ngozi yenyewe. Unakoleza penye giza kwa 4B, na penye mng'aro unagusa penseli nyeupe au chaki mahali pane au patano, basi. Ukiipaka nyeupe juu ya grafiti inageuka kijivu cha samawati kinachochukiza, kwa hiyo kati ya nyeusi na nyeupe acha kaki tupu.

Nywele za kipilipili usizichore uzi mmoja mmoja. Zichukue kama umbo zima lenye mwanga upande mmoja na giza upande mwingine, na ukingo wake uwe laini, wa vizunguko vidogo vya penseli, usizungushiwe mstari kama waya. Aliyesuka twende kilioni ni zawadi kwa mchoraji. Chora njia, ile mistari ya ngozi kati ya msuko na msuko, na uone jinsi zinavyopinda kufuata mviringo wa fuvu. Ukizinyoosha, kichwa kinakuwa bapa kama sinia.

Picha ya simu inaruhusiwa, ila isipigwe kwa karibu. Kwa sentimita 30 pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma mita 2, kisha kata picha baadaye.

Neno kwa wa pwani. Msimu wa masika karatasi hunyonya unyevu, penseli inazama na kuacha mfereji, na kifutio kinang'oa nyuzi. Weka daftari ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, chini ya kitu kizito. Likishapata unyevu, lianike kivulini penye upepo. Juani linajikunja kama chapati.

Karibu na wiki ya tatu michoro huanza kuonekana mibaya kuliko ya mwanzo. Haijawa mibaya. Jicho limetangulia na linaona makosa ambayo zamani hayakuonekana. Usichane ukurasa wowote. Daftari likifika ukurasa wa 35 hivi, irudishe mbuzi, uikalishe mahali palepale, lakini sasa ulimi wa chuma ukutazame moja kwa moja. Utaona urefu wake wote umemezwa: ule ulimi wa sentimita 20 hivi unaonekana mfupi kama sarafu yenye meno, na kikalio nyuma yake ni kipande chembamba cha mbao. Akili itakataa kabisa. Nyoosha kiwiko, fumba jicho moja, na uchore kile penseli inachokipima.